MAONI: Waunda programu, si kila kitu kinafaa kuwekwa kwenye kiini

Jumapili moja alasiri hapa Nyakoe, kina mama kumi na mmoja walipigwa faini kwa sababu ya neno moja tu: "Imethibitishwa".

Ngoja nikueleze. Kina mama hao ni wauza ndizi, na chama chao kilikuwa kinatumia programu ambayo mimi na marafiki zangu wawili tuliunda. Kila mwanachama anatuma mchango wake kwa M-Pesa ya mweka hazina. Mweka hazina anakopi ule ujumbe, anaubandika kwenye programu, nayo inasoma nani ametuma, ametuma pesa ngapi na siku gani. Ambaye mchango wake haujaonekana kufikia Jumamosi usiku anaandikiwa faini ya shilingi 200. Kwa miezi mitano mambo yalikwenda sawa.

Kisha chama kikachagua mweka hazina mpya katikati ya wiki. Waliokuwa wameshalipa kwa yule wa zamani walionekana bila shida. Kumi na mmoja waliolipa kwa mpya hawakuonekana kabisa. Simu ya huyu mama, bana, M-Pesa yake ilikuwa imewekwa kwa Kiswahili. Programu yetu ilikuwa inatafuta neno "Confirmed". Haikuliona, ikaruka ujumbe, na haikumwambia mtu yeyote.

Mmoja wao, omong'ina ambaye huamka saa kumi usiku kupeleka ndizi Daraja Mbili, alisimama mkutanoni akiwa na simu yake mkononi. Ujumbe wa kutuma pesa ulikuwa hapo, unaonekana. Lakini katibu alikuwa anasoma kwenye kompyuta kwamba hajalipa. "Kwa hivyo mimi ni mwongo?" akauliza. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, naangalia viatu vyangu.

Kuongeza neno moja la Kiswahili kwenye programu ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ilituchukua siku nne. Hizo siku nne ndizo zinanifanya niandike hapa leo, kwa sababu kosa letu kubwa halikuwa kusahau Kiswahili, ingawa hilo nalo ni aibu kwa watu wanaoongea Kiswahili kutwa. Kosa letu lilikuwa mahali tulipokiweka kile kipande kidogo cha programu kinachosoma ujumbe.

Kipande hicho kinaitwa kichanganuzi. Kazi yake ni moja: kuchukua maandishi yaliyoandikwa kwa mpangilio fulani na kuyageuza kuwa vitu ambavyo kompyuta inaweza kuvifanyia kazi. Unakipa sentensi ya M-Pesa, kinakurudishia kiasi, tarehe, namba ya muamala na jina. Kuna vichanganuzi vya JSON, vya XML, vya CSV zile unazotoa kwenye Excel. Chetu kilikuwa na mistari kama arobaini hivi. Kitu kidogo, unaandika ukingojea chai ichemke.

Na kwa sababu ni kidogo, hakuna anayekaa chini kujiuliza kikae wapi. Kama unaunda programu, najua unacho kimoja kama hicho mahali fulani. Swali ni kama unajua kiko wapi, na kwa nini kiko hapo.

Sisi tulipitia sehemu tatu kabla ya kupata jibu. Nitakupitisha hapo hapo ili usilipe karo tuliyolipa.

Sehemu ya kwanza ilikuwa kila mahali. Tulikuwa na programu tatu: ya chama, ya kikundi cha boda boda, na ya duka moja la pembejeo za kilimo. Tulikopi ile mistari arobaini tukaibandika kwenye zote tatu. Haraka, rahisi, kila mtu akaenda nyumbani. Baada ya wiki mbili, mwanachama mmoja akatuma Ksh1,500.00 na programu ikaandika shilingi moja. Wanaotumia JavaScript wanajua kilichotokea: ukiipa parseFloat maandishi "1,500.00", inasoma mpaka kwenye koma, inasimama, inakurudishia 1. Hailalamiki. Tulikuwa tumejaribu na mia tano na mia mbili pekee, kwa sababu hiyo ndiyo pesa tuliyokuwa nayo mfukoni.

Tukarekebisha kwenye programu ya chama. Tukarekebisha kwenye ya duka. Ya boda tukaisahau. Miezi miwili baadaye jamaa wa boda akalipa mkopo wa elfu mbili na ikaandikwa shilingi mbili. Hapo ndipo tuliapa: hakuna kukopi tena.

Sehemu ya pili basi ikawa kwenye kiini. Kufikia hapo tulikuwa tumeunganisha mambo yaliyofanana katika zile programu tatu tukapata fremuweki yetu ndogo, yaani kiunzi kimoja ambacho programu zote zinajengwa juu yake. Ndani ya kiini chake kulikuwa na orodha ya wanachama, daftari la michango, hesabu ya faini na ripoti. Tukaona, si kila programu inasoma ujumbe wa M-Pesa? Basi kichanganuzi kiingie kwenye kiini. Nilijiona mhandisi kweli kweli.

Lakini mwenye duka akaja na taarifa za benki, tukaongeza. Boda wakaleta Airtel Money, tukaongeza. Mtu akaleta CSV, tukaongeza. Kila benki ilipobadilisha neno kwenye ujumbe wake, tulilazimika kufungua kiini kilekile kinachohesabu faini. Kwa hivyo siku ile ya "Imethibitishwa", kuongeza neno moja kulimaanisha kutoa toleo jipya la kiini chote kwa vikundi vyote vitatu. Boda walikuwa bado kwenye toleo la zamani. Tukawapandisha kwa nguvu, ripoti zao za mwezi zikaharibika. Tukarekebisha ripoti, tukagundua duka nalo limeguswa. Siku nne, wasee. Kina mama wakingoja faini zao zirudishwe, boda wakingoja ripoti, na sisi tunalala na laputopu kifuani.

Usidhani haya ni mambo ya vijana watatu wa Kisii tu. Wakubwa wamepitia njia hiyo hiyo, na kwa gharama kubwa zaidi.

Ruby on Rails ni fremuweki maarufu sana ya kuunda tovuti, iliyotolewa na David Heinemeier Hansson mwaka 2004. Kwa miaka mingi Rails ilikuja na kichanganuzi cha XML ndani yake, kimewashwa tayari. Mtu akituma ombi lenye XML kwenye tovuti yako, Rails inalisoma bila wewe kuomba. Januari 2013 likatangazwa tundu la usalama, CVE-2013-0156. Kichanganuzi kile cha XML kilikubali kupokea YAML ndani yake, na kupitia YAML mshambulizi angeweza kuendesha msimbo wake kwenye seva yako. Sasa sikiza sehemu inayouma: hata kama tovuti yako haikuwahi kutumia XML hata siku moja, ulikuwa hatarini. Kitu usichokihitaji kilikuwa kimekaa sebuleni kwako kwa sababu mtu aliamua zamani kwamba kila nyumba inakihitaji. Rails 4.0 ilipotoka mwaka huo huo wa 2013, kichanganuzi hicho kilitolewa kwenye kiini kikawa kifurushi cha pembeni. Anayekitaka anakiongeza mwenyewe.

Lakini ngoja, usikimbie kutoa kila kitu nje. Kuna hadithi ya upande wa pili. Machi 2016, mtu mmoja aliondoa vifurushi vyake kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Kimojawapo kiliitwa left-pad, mistari kumi na mmoja tu, kazi yake kuongeza nafasi au herufi mwanzoni mwa maandishi. Miradi mingi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa, kwa sababu ilikuwa inategemea kifurushi kilichotegemea kifurushi kilichotegemea hiyo mistari kumi na mmoja. Baadaye kazi hiyo ikaingia kwenye lugha yenyewe ya JavaScript kupitia padStart, katika toleo la 2017.

Kwa hivyo XML ilitoka ndani ikaenda nje, na left-pad ikatoka nje ikaingia ndani. Zote mbili zilikuwa sahihi. Kwa nini?

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, kwa sababu tunauliza maswali mawili tu: ni kubwa kiasi gani, na inatumiwa na wangapi? Ukubwa haukwambii lolote. Mistari kumi na mmoja ilisimamisha kazi za watu dunia nzima. Na idadi ya watumiaji peke yake haitoshi: sisi programu zetu zote tatu zilisoma ujumbe wa pesa, na bado kiini kilikuwa mahali pabaya.

Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: nani ana mamlaka ya kubadilisha mpangilio huo?

Kuongeza sifuri mbele ya namba hakuna mtu atakayebadilisha maana yake kesho. JSON nayo imetulia. Python iliiingiza kwenye maktaba yake rasmi katika toleo la 2.6, mwaka 2008, na mpaka leo iko pale bila makelele. TOML ilingoja mpaka ilipokomaa, ikaingia katika toleo la 3.11 mwaka 2022, na hata hapo waliingiza kusoma tu, kuandika wakakuacha nje. YAML, pamoja na umaarufu wake wote, haimo mpaka leo. Hao ni watu wanaojua kwamba kuingiza kitu kwenye kiini ni kama kuoa. Kumtoa baadaye si mchezo.

Ujumbe wa M-Pesa ni tofauti. Uliandikwa usomwe na binadamu, si na programu yako. Mwenye mpangilio ule ni kampuni, na ana haki ya kuongeza sentensi, kuficha namba, au kubadilisha maneno bila kukupigia simu. Hata mteja mwenyewe anaweza kuubadilisha kwa kuchagua lugha kwenye menyu. Kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukibadilisha usiku ukiwa umelala hakifai kukaa kwenye chumba kimoja na hesabu ya faini za watu.

Chukua namba za simu. Kwa miaka, kila programu nchini ilijua kwamba namba ya simu ya mkononi inaanza na 07, au 2547 ukiandika na msimbo wa nchi. Watu waliandika sheria hiyo kwenye fomu, kwenye hifadhidata, kwenye malipo, kila mahali. Mwaka 2019 namba zinazoanza na 01 zikaingia sokoni. Waliokuwa na kipande kimoja cha kusoma namba za simu, mahali pamoja, walibadilisha mstari mmoja wakaenda kula. Waliokuwa wameitawanya walianza kuwaambia wateja wenye laini mpya halali kwamba namba zao si sahihi. Ni yule omong'ina tena: ana ushahidi mkononi, mashine inasema anadanganya.

Kutoka hapo, maswali mengine yanajipanga yenyewe. Je, kikiharibika, kinaharibika na nini? Kikiwa kwenye kiini, kinaanguka na kila kitu. Je, programu isiyokihitaji inaweza kuishi bila hicho? Waulize watu wa Rails. Na je, kuna mtu mmoja, au timu moja, atakayekitunza? Kama jibu ni hakuna, basi kukitoa nje kama kifurushi chenye jina zuri hakutakusaidia. Utakuwa umeunda yatima mwingine, kama left-pad.

Sehemu ya tatu, ambayo ndiyo tulifikia, ni moduli yake yenyewe iliyokaa mlangoni mwa fremuweki. Moduli moja tu, si kopi tatu. Ina toleo lake, ina majaribio yake, na inaweza kusasishwa bila kugusa kitu kingine. Kiini hakijui M-Pesa ni nini. Hakijui Kiswahili wala Kiingereza, wala benki yoyote. Kinajua makubaliano tu: nipe kiasi kwa senti kama namba kamili, tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, namba ya muamala, na aliyetuma. Basi. Akija mtu na benki mpya, anaandika kichanganuzi kinachotimiza makubaliano hayo na kukichomeka. Daftari la michango halitingishiki.

Hiyo tarehe nayo usiidharau. Ujumbe unaandika 3/4/24 ukimaanisha tarehe 3 Aprili. Mpe JavaScript maandishi hayo bila maelezo, itayasoma kwa mtindo wa Marekani: Machi 4. Mtu aliyelipa mapema anageuka kuwa mtu aliyelipa mwezi uliopita. Utata kama huo unapaswa kuishia mlangoni. Kiini kisijue hata kwamba ulikuwepo.

Faida nyingine hatukuitarajia. Ujumbe wa M-Pesa anaobandika mweka hazina una salio lake la pesa ndani. Tulipokuwa tunahifadhi ujumbe wote kwenye kiini, tulikuwa tumekaa na salio la mama wa watu kwenye hifadhidata yetu, na yeyote mwenye nywila ya programu angeliona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchukue data unayoihitaji tu kwa kazi yako. Sisi hatukuwa na nia mbaya, lakini sheria haikuulizi nia. Sasa salio linatupwa mlangoni, halifiki ndani hata kidogo.

Na jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kichanganuzi kisichoelewa kinapaswa kusema hakijaelewa. Chetu cha zamani kilipokutana na maneno kisiyoyajua, kilinyamaza, na kiini kikatafsiri ule ukimya kuwa "hajalipa". Huo ni uamuzi ambao hakuna mtu aliyeufanya. Tulipokitenganisha ndipo tulilazimika kuandika, kwa maneno, kinachorudi ujumbe usipoeleweka. Sasa mweka hazina anaona: "Sijauelewa ujumbe huu, tafadhali hakiki." Na faini haihesabiwi mpaka binadamu aseme.

Najua utaniambia nini. "Mzee, mimi nina programu moja tu, mteja mmoja, na kodi ya nyumba tarehe tano. Moduli za nini?" Nakuelewa kabisa, mimi pia niliacha chuo na ninajua kuandika msimbo huku mwenye nyumba anabisha. Kama ni programu moja, kiweke kwenye faili lake peke yake ndani ya programu hiyo hiyo. Hakuna haja ya kifurushi wala fremuweki. Lakini kiwe na mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, na kisichanganyike na hesabu. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Siku mteja wa pili akija, unakibeba kama kilivyo.

Wengine watasema hivi siku hizi mtu anaiuliza tu akili bandia na inamwandikia kichanganuzi kwa sekunde tatu. Sawa. Itakuandikia mistari arobaini safi kuliko yangu. Lakini haimjui mweka hazina wako mpya, wala haijui kwamba mpangilio wa ujumbe huu uko mikononi mwa mtu mwingine na JSON imetulia. Kuandika kumekuwa rahisi. Kuamua kikae wapi bado ni kazi yako, na lawama bado ni yako.

Kwa hivyo leo jioni fungua mradi wako. Tafuta pale unaposoma ujumbe, namba ya simu, tarehe au faili la CSV. Hesabu ni sehemu ngapi. Kisha jiulize: mwenye mpangilio huu akiubadilisha kesho asubuhi, nitagusa faili ngapi, na nani ataumia kabla sijamaliza?

Faini za wale kina mama zilirudishwa zote. Tuliomba msamaha mkutanoni, tukiwa tumesimama. Yule omong'ina alitusikiliza, akasema amesikia. Lakini tangu siku hiyo, kila Jumapili kabla ya katibu kusoma orodha, anakuja mbele, anainama kwenye skrini, anatafuta jina lake na kidole chake mwenyewe. Hatujamwambia aache.